Mti wa Kulia

Nina kasoro moja ambayo watu wa nyumbani wamekwisha kuniambia itanifukuzia wageni: siwezi kusikia Kiswahili kimevunjika nikanyamaza. Sikuzaliwa hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wageni katika msitu wa Kakamega alikuja mwalimu kutoka Pwani na wanafunzi wake arobaini, nami nikawaonyesha kwa madaha "kipepeo yenye langi ya samawati". Walicheka mpaka kima wakahama mti. Jioni ile niliingia mjini nikanunua kamusi, na tangu hapo inakaa kwenye mkoba wangu kati ya darubini na koti la mvua, imevimba kwa unyevu. Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Neno geni nalifuatilia kama ninavyofuatilia ndege, na nikilipata nafurahi vilevile.

Kwa hiyo hii ninayoisimulia ni aibu yangu mwenyewe, mimi Jescah Muhonja, mwalimu wa watu wasioomba kufundishwa.

Ilikuwa Jumanne, saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka langoni. Alikuja mwanamume wa miaka hamsini hivi, kofia ya kufuma kichwani, gambuti za shambani miguuni, begi mgongoni. Alinisalimu kwa salamu za watu wa Mumias, "Asalaam aleikum," nami ingawa ni mtu wa kanisa nikamwitikia inavyostahili, maana salamu si dini, ni adabu. Akasema anaitwa Abdulfatah, mkulima wa miwa kutoka Matungu, ameondoka kwake mara tu baada ya swala ya alfajiri. Alitaka matembezi ya msituni, tena alitaka aongozwe peke yake.

Mgeni anayekuja peke yake, kwa uzoefu wangu, ni wa aina mbili. Kuna mpenda ndege, na huyo utamjua kwa darubini yake ambayo ni nzuri kuliko yangu. Na kuna mwizi wa magome. Huyu wa pili hupenda sana kuuliza majina ya miti, halafu siku ya tatu unaukuta mti umechunwa ngozi kuzunguka shina zima, nao utakufa ukiwa umesimama. Abdulfatah hakuwa na darubini. Tulipokagua begi lake tukakuta chupa ya maji, mfuko mtupu, na kisu cha jikoni kilichofungwa kwenye gazeti. Beverlyne, askari wetu wa lango, alikitazama kisu, kisha akanitazama mimi. Kisu kikabaki mezani kwake.

Nikamsomea mgeni kanuni zangu tatu, zilezile ninazowasomea wote: usichume, usivunje, usibebe. Alisikiliza kwa utulivu hadi mwisho, halafu akauliza swali lililonipandisha mori papo hapo.

"Dada, huku ndani kuna mti ya kulia?"

"Mti wa kulia," nikamsahihisha.

"Hiyo hiyo. Iko?"

Nikamuuliza kulia kwa wapi, maana kila mti ni wa kulia ukisimama upande wake wa kushoto. Akasema hajui, na ndiyo sababu amekuja kuuliza. Niliona ananifanyia ujanja. Nikajiambia, haya, wewe unajifanya mjinga na mimi nitajifanya sijaona, ila macho yangu hayatatoka mikononi mwako.

Tukaingia. Wanaoujua msitu wetu wanajua kwamba hatua ishirini tu kutoka kwenye mwangaza wa barabara unaingia katika hewa nyingine, yenye harufu ya majani yanayooza na ya mvua ya jana. Juu kabisa hondohondo walikuwa wanapita, na mbawa zao zina kishindo ambacho wageni wengi hudhani ni ndege ya kuruka na watu. Yeye hakudhani chochote. Aliinua uso, akatazama, akashusha uso. Nilimwonyesha mbega wanne waliokaa wameangusha mikia yao myeupe, akasema ni wazuri, alhamdulillahi, kisha akaendelea kukagua mashina. Hilo likanizidishia shaka.

Nikampeleka makusudi kwenye mti mmoja wa mwiritsa ambao magome yake yalikwanguliwa miaka mitatu iliyopita. Hapo ndipo ninapotolea mahubiri yangu. Nilimweleza jinsi chakula cha mti kinavyopita ndani ya gome, jinsi wanavyokuja na panga, jinsi gome linavyoishia kwenye magunia Lubao na masoko mengine likiuzwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, pamoja na ambao hata haujaingia nchini. Sauti yangu ilipanda. Alisikiliza, akapitisha kiganja juu ya kovu la mti polepole, akaniuliza bila hata chembe ya aibu:

"Hii inatibunga mkono?"

Nikasimama njiani. Nikamwambia sisogei hatua moja zaidi mpaka aseme ukweli: ni mwizi, ni mganga, au ametumwa na nani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alikaa juu ya mzizi uliojitokeza, akavua kofia, akaanza kunieleza habari za mama yake.

Mama yake anaitwa Kulthum. Alipata kiharusi miezi miwili iliyopita, upande wote wa kulia ukafa, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Akakaa hospitali wiki tatu, akarudishwa nyumbani. Mguu umeanza kuitika kidogo, mkono haujaitika. Lakini shida si mkono wala mguu. Shida ni kwamba Mama Kulthum hali. Siku ya kwanza aliporudi nyumbani walimpikia kama wanavyompikia mtu aliyefufuka, obusuma na ingokho, ugali kwa kuku, wakamwekea mbele. Akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani. Wakampa kijiko katika mkono wa kushoto, akakiangusha. Wakampa tena, akakiangusha tena. Mke wa Abdulfatah akakata tonge akampelekea mdomoni, yeye akageuza uso ukutani. Tangu siku hiyo anakubali uji kwa mrija, mikupuo mitatu minne, basi. Daktari amemchunguza koo, akasema koo ni zima, anaweza kumeza chochote. Ila amekonda mpaka pete imetoka kidoleni, na sasa daktari ameipa familia siku hadi Ijumaa. Akiwa bado hali, watampitishia mpira puani wamlishe kwa huo.

"Na hataki huo mpira," Abdulfatah akasema. "Alipoambiwa alitoka machozi. Anasemanga maneno moja tu, asubuhi na jioni: mti ya kulia, mti ya kulia. Sasa mimi nifanye nini, dada? Nikae nimwangalie tu?"

Alikuwa amekwisha kwenda kwa waganga watatu wa sokoni, kila mmoja amemwuzia gome lake la mkono wa kulia, na mkono umebaki ulivyo. Ndipo akakumbuka kwamba mama yake, kabla ya kuolewa Matungu na kusilimu na kuitwa Kulthum, alikuwa Rachael, msichana aliyezaliwa pembeni mwa msitu huu. Akawaza kwamba labda dawa yenyewe iko huku na mama anaijua tangu utoto. Kisu kilikuwa cha kukatia kipande kidogo tu. Alitaka hata kuniomba radhi kwa kisu.

Hasira yangu ni kama mvua ya Kakamega: inakuja kwa kishindo saa nane, na kufika saa kumi jua linawaka. Nilikaa kwenye mzizi kando yake. Nikamwambia hakuna mti humu ninaoujua unaofufua mkono, na ningekuwa naujua ningekuwa nimempa jina lake bure. Aliinamisha kichwa. Nilimwonea huruma sana, na pamoja na huruma, nisiseme uongo, kile kiwasho changu kilikuwa kimekwisha kuanza. Kwa sababu mimi nilikuwa sijapata kusikia mti wa kulia.

Nikatoa kamusi. Nikafungua kwenye kulia: upande ulio kinyume cha kushoto. Hiyo tuliijua. Nikafungua kwenye lia: toa machozi, toa sauti ya huzuni, kwa ngoma au ndege, toa mlio. Nikampiga kofi begani kwa furaha mpaka akashtuka. Nikamwambia mama haombi dawa ya mkono. Mti wa kulia ni mti unaolia, unaotoa machozi, na hiyo miti ninayo.

Basi tukaanza kutafuta miti inayolia. Nilijisahau kabisa kwamba nilikuwa nikimlinda mtu huyu asiguse kitu. Nilimpeleka kwenye mutondo, ambao jani lake likidondoka unaona tone jeupe la utomvu pale lilipong'oka. Nilimpeleka kwenye mukumu mkubwa ulioanza maisha yake juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi, ukamkumbatia mwenyeji wake mpaka akafa na kuoza, ukabaki wenyewe na uwazi katikati. Tukaingia humo ndani wote wawili, tukainua nyuso, tukaona mwanga kama kwenye bomba la moshi. Nilimwonyesha matone ya utomvu yaliyoganda ukutani mwa mti.

"Sasa hii inaria?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Nilimwacha na r yake. Tulijaribu pia mti unaolia kwa sauti, miti miwili inayosuguana shingo kwa shingo, ambayo upepo ukija inatoa mlio wa mlango usiotiwa mafuta. Tukausubiri upepo dakika kumi nzima, watu wazima wawili tumesimama na vinywa wazi. Upepo ulipokuja na mti ukalia, Abdulfatah alisema "Maskini," akicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema mama yake hakuwa mtu wa kulia. Miaka hamsini amemjua, alimwona akilia mara moja kwenye msiba wa baba, na mara ya pili ni hiyo ya mpira wa puani. Mtu wa namna hiyo, akaniuliza, angeagiza mti wa machozi wa nini?

Nikamwuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, basi. Akasema ni mkali. Mkali hasa wa mezani. Walikuwa watoto saba, na aliyepeleka mkono wa kushoto kwenye sinia alipigwa mwiko wa vidole kabla hajafikisha tonge. Hata imamu wa kwao alikuja juzi akamwambia Mungu anamjua mgonjwa, mkono mmoja ukifa mwingine unaruhusiwa, hakuna lawama. Mama alimtazama imamu tu. Watu wa nyumbani walidhani hakuelewa.

Niliyasikia hayo yote kwa masikio yangu mawili. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa nimebeba kitabu kizima cha maana mgongoni.

Nikamwuliza kama mama aliwahi kusimulia utoto wake wa huku. Kidogo sana, akasema. Alisimulia kiwanja kilicho na jiwe la kusagia, mahali alipokuwa akienda na dada zake wakitumwa kuni, na wanachelewa, na wanapigwa. Zaidi ya hapo hakujua.

Jiwe hilo nalijua. Liko kwenye uwazi mmoja upande wa mashariki, ambako zamani palikuwa na maboma kabla watu hawajahamia nje. Siwapeleki wageni huko. Njia yenyewe inapita kwenye msasa, ambao jani lake linakwaruza ulimi wa ng'ombe na ambalo mama zetu walisugulia vibuyu, na hapo ndipo kawaida ninapogeuza. Mbele ya hapo hakuna kitu isipokuwa mipera. Mipera si msitu. Imeletwa na watu, ikasambazwa na kima na ndege, imeujaza uwazi ule ikizuia miti ya haki isiote, na sisi waongozaji tunaiona kama mtu anavyomwona mgeni aliyekuja harusini bila kualikwa na sasa anagawa nyama. Nilimweleza hivyo. Nikamwambia huko hakuna.

"Twende tu tuione hiyo hakuna," akasema.

Tukaenda. Jiwe lilikuwa pale, limezama nusu kwenye nyasi, shimo lake limejaa maji ya mvua na vipepeo wawili wanakunywa. Kulizunguka ilikuwa mipera, mipera, mipera, mingine mizee yenye mashina yaliyojipinda na kung'aa, mapera ya manjano juu na mengine yameoza chini. Nilisimama mikono kiunoni nikiwa na uchungu wa mtu aliyekosa ndege aliyemvizia asubuhi nzima. Tulikuwa tumetembea saa tatu. Nikainama kwenye jiwe kuwatazama vipepeo, angalau nisirudi mikono mitupu.

Nilipoinua macho, mkulima wa Matungu alikuwa juu ya mti. Gambuti zake alikuwa amezivua akaziacha chini. Alisema anataka kuona ng'ambo kama kuna mti mwingine, lakini nadhani ni mwili tu ulimkumbuka utoto, maana hakuna aliyekulia magharibi ya nchi hii ambaye miguu yake haijui kupanda mpera. Alilishika tawi kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili, akachuma, akauma. Nikafungua mdomo nimsomee kanuni ya kwanza. Yeye akawahi.

"Astaghfirullah," akasema, ametoa macho. "Nimekula na kushoto."

Nikacheka, hasira ikanitoka. Nikamwambia wa kulia umeshika mti, alitaka aachie aanguke? Nani amewahi kula pera mtini kwa mkono wa kulia? Naye akacheka, mbegu zikamtoka mdomoni, akamaliza lile pera kwa mkono uleule. Na mimi nikiwa bado nacheka nikamwambia ashuke, hapa ni msituni, si chumba cha kulia.

Neno likanirudia sikioni. Chumba cha kulia.

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji. Nikatoa kamusi. Sikufungua kwenye kulia wala lia. Nilifungua kwenye la, neno fupi kuliko yote: tia chakula kinywani, tafuna, meza. Na chini yake, kwa herufi ndogo, watoto wa neno hilo, na mmoja wao ni lia. Mahali pa kulia. Sahani ya kulia. Na kwetu sisi Waluhya hata kamusi haikuhitajika: kula ni khulia, kulia machozi ni khulila, na hakuna mtoto wa huku kwetu Isukha anayechanganya hayo mawili. Mama yule alizaliwa hapa. Mimi nimezaliwa hapa. Miaka kumi na miwili ya kusaka Kiswahili cha watu imeniziba masikio nisisikie neno nililonyonya.

Nikamwambia Abdulfatah, aliyekuwa anavaa gambuti: mama yako haulizi dawa wala machozi. Anataka kuja kula hapa.

Alivua kofia akachuma mapera sita, akayaweka ndani yake, akanitazama. Alijua kanuni. Nami nilijua siku zilizobaki kabla ya Ijumaa zilikuwa Jumatano na Alhamisi tu. Nikamwambia ayaache. Si kwa sababu ya kanuni, nikamwambia, ingawa kanuni ipo. Mama hakusema pera, alisema mti. Mlete mama kwenye mti.

Kumshawishi Beverlyne nilidhani kutakuwa kazi, kwa kuwa kiti cha magurudumu hakijawahi kupita njia zetu, na mgeni wa kula matunda ndani ya hifadhi hana fomu. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameegemea lango.

"Kima wanakula mapera ya huko kila siku," akasema, "na sijawahi kuwaandikia kibali." Halafu akaenda kutafuta ubao wa kuvukia matope.

Walikuja Alhamisi. Mama Kulthum alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, mtandio mweupe, macho makali yaliyokuwa yananikagua kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," midomo yake ikacheza. Abdulfatah alisukuma kiti, mimi nikatangulia nikiondoa matawi, na penye mizizi tulikinyanyua pande mbili kama jeneza, wazo ambalo lilinijia nikalifukuza. Kwenye msasa aliinua mkono wa kushoto akaligusa jani, akasugua kidole gumba juu yake. Alikuwa ameshajua tulikokuwa tunakwenda. Pumzi zake zilibadilika.

Tulimfikisha uwazini, tukamweka chini ya mpera ule mzee ulio karibu na jiwe. Aliutazama. Aliutazama sana, kuanzia shina kwenda juu, tawi kwa tawi. Abdulfatah alichuma pera lililoiva vizuri, akalifuta kwa kanzu yake, akampelekea mama mdomoni kwa mkono wake wa kulia, na akasema bismillahi kwa niaba yake.

Mama Kulthum akageuza uso.

Sijui kama mmewahi kuona mtu mzima akibaki na pera mkononi hajui alipeleke wapi. Nilijisikia mjinga mbele ya miti yangu yote. Nilikuwa nimewatoa watu Matungu, nimemtesa mgonjwa kwenye mizizi na matope, kwa ajili ya kamusi. Nilijua Ijumaa ni kesho, naye Abdulfatah alijua, na hatukuangaliana.

Ndipo mama alipoanza kuhangaika na kitu pajani. Kwa mkono wa kushoto aliushika ule wa kulia, akaunyanyua kwa kiwiko, kama mtu anayebeba mtoto wa mwenzake aliyelala. Akauelekeza juu. Haukufika. Ukaanguka. Akaunyanyua tena. Abdulfatah akataka kumsaidia kuurudisha pajani, akidhani umemwuma, nami nikamzuia, kwa sababu mbele ya macho yangu nilimwona mwanawe alivyokuwa juu ya mti siku ya Jumanne, mkono mmoja tawini, mwingine mdomoni.

Nikaruka, nikalishika tawi la chini, nikalivuta mpaka likafika usawa wa bega lake. Likalia kidogo, lakini halikuvunjika. Nikachukua vidole vyake vya kulia, kimoja kimoja, vilikuwa baridi na vyepesi, nikavifunga kuzunguka tawi. Havikushika. Nikaweka mkono wangu juu yake nikashika kwa ajili yake. Sasa mkono wa kulia wa Mama Kulthum ulikuwa umeshika mti, una kazi, usiulizwe.

Na mkono wake wa kushoto, huo aliouzuia miaka yote, akawapiga watoto saba mwiko ili nao wazuie ya kwao, ukapanda wenyewe katikati ya majani. Haukutafuta sana. Ukachuma pera, ukalileta mdomoni, akauma.

Mwanawe aliketi chini kwenye nyasi, akaweka kofia usoni. Hata mimi nililia, na nilijua ni kulia kupi.

Alikula polepole, kwa makini, juisi ikimchuruzika upande uliokufa wa mdomo, asiifute na asijali. Kuna kima alikuja mti wa pili akakaa anatutazama. Bega langu lilikuwa linawaka kwa kuvuta tawi, lakini nilikuwa tayari nisimame hapo hadi mvua ya saa nane. Alipofika kwenye kikonyo alikitupa, akalamba vidole vitatu vya mkono wa kushoto, mbele ya mwanawe, mbele yangu, mbele ya kima. Kisha akanitazama kwa macho yale makali na akasema neno lake la kwanza kwangu, zito lakini kamili.

"Ingine."

Pera ni lingine, si ingine. Nililiinamisha tawi zaidi, ili afikie.